Harufu ya Fosfaiti Niliyoipeleka Nyumbani Bwera

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku yangu ya kwanza katika maabara ya chuo kimoja mjini Kasese, Mkuu wa Maabara alinikabidhi miwani, koti jeupe na ndoo ya vyombo vichafu. Tulimwita Afande kwa sababu ya amri zake, ingawa hakuwahi kubeba bunduki.

"Wewe, osha. Ukivunja, sema. Ukinusa kitu usichokijua, toka nje kwanza, maswali baadaye."

Nilikuwa nimeishia kidato cha nne. Kemia niliyoijua baadaye niliisoma peke yangu, kwenye vitabu ambavyo maktaba ilikuwa imevitupa, nikiwa na kamusi pembeni. Ninaandika haya kwa vijana wanaoingia kazi hii sasa, kwa sababu kuna jambo moja vitabu vile havikuniambia.

Afande alipostaafu alikuja mkuu mwingine, mhadhiri wa kike tuliyemwita Daktari tu. Yeye ndiye aliyeniweka kwenye fosfaiti. Fosfaiti za maabara yetu zilikuwa vimiminika visivyo na rangi. Ndani ya kila molekuli iko atomu moja ya fosforasi yenye mikono mitatu, kila mkono umeshika oksijeni na kipande cha kaboni. Upande wa nne uko wazi, una jozi ya elektroni zisizo na kazi, na hapo ndipo faida yake ilipo. Ukiichemsha fosfaiti pamoja na kiungo chenye bromini, fosforasi hujifunga kwenye kaboni, nawe unapata malighafi ya kujengea molekuli kubwa zaidi. Ukiikutanisha na metali, huikamata na kuifanya iyeyuke mahali ambapo isingeyeyuka.

Daktari alikuwa na ndoto na shaba ya Kilembe, bonde la machimbo karibu na mji. Tulichukua shaba iliyotoka kwenye mawe ya bonde lile, tukaigeuza kuwa unga mweupe wa shaba na iodini, usioyeyuka katika viyeyusho vyetu. Tulipotia fosfaiti, unga ulipotea taratibu kama chumvi kwenye mchuzi. Tulichuja, tukavukiza, tukapata fuwele safi. Hizo zilikuwa kichocheo: kiasi kidogo tu kiliharakisha kuungana kwa molekuli nyingine, chenyewe kikabaki. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa hiyo, na niliipenda kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Fosfaiti ile inanuka. Inanuka kama kabichi iliyooza juu ya vitunguu saumu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikitapika. Mwezi wa tatu sikusikia harufu yoyote, nikadhani kabati la kuvuta hewa chafu limerekebishwa.

Siku za kazi nililala Kasese. Ijumaa niliruhusiwa kutoka saa nne, nikavaa kanzu niliyoitundika nyuma ya mlango wa maabara tangu Jumatatu, nikapanda gari la Bwera na kuwahi swala. Msikitini watu walisimama bega kwa bega, lakini kulia na kushoto kwangu palibaki nafasi. Imamu alihimiza safu zibanwe, nafasi ikabaki vilevile. Nilijua sababu, au nilidhani najua: mimi ni mtu wa chuo, wananiheshimu. Nilianza hata kuitanua miguu yangu kidogo.

Kisha Zaituni, binti yangu mkubwa, akaposwa. Wazee wa upande wa kijana walikuja nyumbani Ijumaa baada ya swala, wakiongozwa na baba yake mdogo, Hajji mmoja msafirishaji aliyevusha mizigo mpakani Mpondwe kwenda Kongo. Waliketi sebuleni. Pilau ilikuwa tayari. Hajji akaziba pua kwa ncha ya kilemba.

"Bwana mukwe, usikasirike. Kitu imekufa mu nyumba. Panya, ao nyoka."

"Samahani sana, Hajji. Ninaitoa sasa hivi."

Nikapiga magoti. Niliinua kiti kimoja baada ya kingine, nikachungulia chini ya kabati, nikasogea hadi dirishani.

"Sasa iko kwa dirisha," mzee mmoja akasema.

"Basi hiyo panya inatembea na mwenye nyumba!" akasema Hajji, na wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa bado nimepiga magoti.

Dada yangu Aisha, shangazi wa bibi harusi, alitoka jikoni, akaniinamia sikioni. "Kaka, inuka. Si panya. Ni wewe."

Wageni walikunywa soda uani, wakaaga bila kugusa pilau. Jioni nilimuuliza mke wangu tangu lini.

"Tangu ulipoanza hiyo ya shaba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa ukirudi na furaha."

"Na msikitini?"

Alitazama chini. "Baba Zaituni, ulidhani ile nafasi ni ya nini?"

Hajji alituma ujumbe kwamba binti hawamkatai, ila baba aje safi. Jumatatu nilimweleza Daktari. Hakucheka.

"Loweka nguo kwenye dawa ya klorini iliyozimuliwa kwa maji mengi," alisema. "Fosfaiti ikipewa oksijeni inakuwa fosfeti, na fosfeti hainuki. Lakini pua yako imeshazoea, haitakuambia chochote. Mimi hunuswa na mume wangu kabla hatujaenda kanisani. Tafuta mtu."

Niliacha kupeleka kanzu kazini. Nililoweka, nikafua, nikaloweka tena. Mtu wa kuninusa sikumtafuta. Ningeanzaje? Kwetu baba ndiye walii: huketi goti kwa goti na bwana harusi, akamshika mkono, akamwoza binti yake mbele ya watu. Asubuhi ya ndoa nilijinusa mikono mpaka nikapata kizunguzungu, nisijue kitu. Nikamwomba mdogo wangu awe wakili wangu, amwoze kwa niaba yangu, nikamdanganya kwamba nina homa. Niliisikiliza ndoa ya mwanangu nikiwa nje ya msikiti, karibu na matangi ya kutawadhia.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaokuja kuniuliza habari za fosfaiti nawaambia mambo mawili: wafunge chupa vizuri kwa sababu unyevu huiharibu, na wawe na mtu wa kuwaambia ukweli kila jioni. Huwa hawaulizi nimejuaje la pili.

Mwezi uliopita Zaituni alikuja na watoto wake. Tulikuwa tukimenya viazi, akaniuliza bila kuinua macho, "Baba, siku ile hukuwa na homa, sivyo?"

"Sikuwa nayo. Niliogopa nanuka."

Kisu chake kilisimama. "Asubuhi ile, hapa nyumbani, ulipita mbele yangu ukienda uani. Nilikunusa makusudi, nikuzuie kama ingebidi. Ulikuwa unanuka sabuni tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"