Saiti Nyeupe na Kondoo wa Wambui

Siku moja naikumbuka vizuri kuliko ya harusi yangu, na mama yenu asisikie nikisema hivyo. Ni siku niliyokwenda Kariandusi na bastola yenye saiti mpya, nikiwa nimemtia dau kondoo dume ambaye hakuwa wangu.

Mwanangu, umepata kibali chako cha silaha, na jana ulinionyesha kwenye simu saiti za kila rangi ukitaka nikuchagulie. Sikuchagulii. Keti nikusimulie.

Saiti ni vile vyuma viwili vidogo vilivyo juu ya bastola, kimoja mbele na kimoja nyuma. Ukivipanga sawa na shabaha, risasi inajua njia. Bastola yangu ilikuja na saiti nyeusi, hazina maringo, na zilinitosha. Lakini kijana hatosheki. Nikanunua nyingine ambayo cha mbele kilikuwa cheupe uso mzima, kama jino la mtoto. Nikaijaribu kwenye uwanja wa klabu yetu huku Molo, kwenye ukungu, nyuma ya shabaha kuna miti ya misaipras yenye kiza. Katika kiza kile, chuma changu cheupe kiliwaka, sikukosa hata mara moja. Wenzangu wakapanga foleni kuchungulia, nami kichwa kikavimba.

Mzee Koech, mkubwa wa klabu na mwalimu wetu, alichungulia pia. Hakusifu.

"Kijana, hii umejaribu huko chini kwa jua?"

"Mzee, saiti ni saiti tu."

Akanitazama, akaenda zake kunywa chai. Ningekuwa na akili ningemfuata.

Badala yake nikafungua mdomo, na ulimi hauna mfupa. Tulikuwa na mashindano na wenzetu wa Elmenteita. Nikatangaza mbele ya watu kwamba wakitushinda, nitawapa kondoo dume wangu wamchinje. Wangu wapi! Alikuwa wa mama yenu, Wambui. Alimnunua kwa viazi vyake mwenyewe, na zizi zima lilimtegemea dume huyo mmoja. Nilimpakia nyuma ya pikapu nikidai anapelekwa kwa daktari wa mifugo, na Wambui akapanda nasi. Ukweli nilimwambia Wambui tulipokwisha kupita Nakuru, kwa sababu ndani ya pikapu mtu hana jembe karibu. Aligeuka akamtazama kondoo wake kule nyuma. Mwanangu, mwanamke wa Molo akinyamaza, ogopa.

Uwanja wa wenzetu ulikuwa ndani ya timbo la zamani, na udongo wa Kariandusi unaujua, mweupe kama unga. Ukuta mweupe. Mabamba ya chuma ya kulenga, nayo wameyapaka nyeupe. Jua la saa sita likawaka juu ya vyote. Nikainua bastola, nikaitafuta saiti yangu ya mbele. Haikuwepo! Nyeupe ilikuwa imeingia ndani ya nyeupe. Nikapiga ukuta, nikapiga ukuta tena, mabamba yamesimama tu. Mzunguko wa kwanza ulikwisha watu wakijishika mbavu.

Wambui akatoka kwa akina mama waliokuwa wakipika chai, akanijia.

"Baba Njeri, kwani unapiga nini?"

"Sioni. Kila kitu ni cheupe."

Akarudi motoni, akapitisha kidole chini ya sufuria, akaniletea masizi.

"Paka."

"Nipake masizi saiti mpya?"

"Chagua. Hiyo saiti ikae safi ama kondoo yangu irudi nyumbani."

Nikatoa risasi zote kwenye bastola, nikapaka. Mzunguko wa pili ulipoanza, saiti ilisimama nyeusi tii mbele ya weupe ule, na kila bamba nililolenga likaanguka. Lakini majuto ni mjukuu. Tulishindwa kwa bamba moja, na jamaa mmoja wa Elmenteita akaelekea kwenye pikapu na kisu chake.

Wambui alikuwa amemtangulia, ameshika kamba ya kondoo.

"Hii ni yangu. Mimi sikushindana na mtu."

Nilitamani timbo lile linifunike. Wote wakamgeukia Mzee Koech.

"Mtu huweka dau kilicho chake," akasema. "Haya kijana, hapa chako ni nini?"

Nikatazama huku na huku. Pikapu ilikuwa ya baba. Koti nilikuwa nimeazima. Bastola sheria hainiruhusu kumpa mtu. Changu cha kutoa kilikuwa saiti. Fundi wa klabu akaing'oa, akanirudishia zile nyeusi, na wenzetu wakapokea lile jino langu jeupe likiwa na masizi, wakinung'unika kwa kukosa nyama.

"Ulinunua ya kutazamwa," Mzee Koech akaniambia. "Hukununua ya kulengea."

Niliona aibu, sikufichi. Na nilimpenda Wambui siku ile kuliko siku zote, ingawa yeye alirudi Molo amekaa nyuma na kondoo.

Basi shika haya, mwanangu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Saiti ijaribu pale utakapolengea, kwenye mwanga wa pale, kwa jicho lako, si kwa jicho la wanaokusifu. Mkubwa akikuuliza swali, mfuate hata kwenye chai. Na kabla hujajigamba, uliza nyumbani kilicho chako ni kipi.

Mungu akupe jicho safi na mkono mtulivu. Na siku utakayokosa, maana utakosa, akuweke karibu na mtu atakayekuambia ukweli huku ameshika kamba.