Aliyekaa Wakati wa Kukaza Bushi

Mume wangu alipofariki aliacha pikipiki ya kizamani, ya tangi zito na mlio mzito. Mwanangu akaichukua, nami nikaridhika, maana aliniahidi: "Mukecuru wangu, bibi kizee wangu, nikiitengeneza, kila Jumapili nakupeleka misa Kanombe." Mimi moto, zile pikipiki za abiria za pale kituo cha Sonatubes, sizipendi. Wanakuvalisha kofia yenye jasho la kichwa cha mtu mwingine.

Zilizokufa ni bushi za nyuma, zile pete za mpira zinazoshika mkono wa gurudumu. Zilikuwa zimepasuka kama kisigino. Tulizing'oa uani kwangu, yeye akigonga nyundo, mimi nimeshikilia. Mpya zilikataa kuingia. Nikaleta sabuni ya mche, nikazipaka kwa vidole vyangu mpaka zikateleza ndani.

"Mama, wewe ni fundi kabisa!"

"Baba yako alinifundisha. Usikaze bado."

Hilo nalijua vizuri. Bushi za mpira hazikazwi pikipiki ikiwa tupu. Anakaa juu yule atakayeipanda, mpira unatulia chini ya uzito wake, ndipo unakaza nati. Ukikaza tupu, mpira unajinyonga na kuchanika. Enzi za baba yake tulikuwa tunakaa wote wawili, jirani anakaza.

Basi nikakunja kitenge, nikashika kiti.

"Subiri, Mama."

"Nisubiri nini? Kaza, jua linaniunguza."

"Kuna mtu yuko njiani."

Akaingia bwana mmoja mnene kutoka Kimihurura, mtaa wa wenye nazo, mpole, viatu vinang'aa. Akanisalimu kwa mikono miwili, kisha akapanda. Mwanangu akapiga magoti, akakaza bila kuinua macho. Spana ikizunguka, nikaelewa kwamba pikipiki imeshauzwa.

Yule bwana alinitazama usoni. "Kwani Mama hakuambiwa?"

"Mama, tutaongea," mwanangu akasema.

"Tungeongea kabla sijapaka sabuni."

Bwana hakuwa na kosa. Nilimfungulia geti, akaondoka nayo. Mwanangu alibaki anajifuta mafuta, nikamwacha hapo hapo nikaingia ndani.

Pikipiki ilikuwa yake. Angeniambia anataka kuuza, ningenuna kidogo, yakaisha. Lakini alinikalisha chini, nikamtengenezea mali ya mtu mwingine huku ananisifu.

Jumapili alikuja na teksi kunichukua. Nikamjibu geti likiwa limefungwa kwamba nimeshasali. Sikuwa nimesali.