Bomba Chini ya Chumba cha Mama Mkwe

Tangu nilipotoka shule ya sekondari ya mapadri, Kasongo, mpaka Wabelgiji walipoondoka, kazi yangu ilikuwa kuwashawishi watu wapoze nyumba zao kwa baridi ya udongo. Tulichimba mtaro wenye kina kupita kimo cha mtu, tukalaza humo mabomba ya udongo yaliyochomwa kwenye tanuru la matofali, tukafukia. Mdomo mmoja wa bomba ulibaki nje, kivulini. Mwingine ulitokea chumbani. Hewa ya moto ilitokea kwenye nafasi tuliyoacha chini ya paa, na ile iliyopoa ardhini ikapanda kushika mahali pake. Nilitembea vijijini na termometa. Wengi waliniambia hewa inayotoka chini ni ya wafu, nami niliwacheka.

Niliacha kucheka siku moja kule Kabambare, nyumbani kwa wazazi wa mke wangu.

Baba mkwe alikuwa kapita, yaani mkuu wa kijiji, akakubali nyumba yake iwe ya mfano. Siku hiyo agronomu, bwana shamba mzungu aliyekuwa mkubwa wangu, aliwaleta makapita wa vijiji vya jirani waione. Alikuwa ameniambia kwamba wakiikubali, nitaandikwa kazi ya kudumu. Kiangazi kilikuwa kinakwisha na joto lilikuwa halivumiliki. Mama mkwe alikuwa na homa. Alilala katika chumba chenye bomba, mke wangu akimkanda kwa kitambaa cha maji. Asubuhi nilikuwa nimeuondoa wavu wa waya wa kuzuia wanyama kwenye mdomo wa nje, kwa sababu ulipunguza upepo, na nilitaka termometa ishuke sana mbele ya wageni.

Wageni wakiwa barazani wanakunywa, nilizunguka nyuma ya jiko kukagua. Nikaona mkia mweusi, mnene kama mpini wa jembe, ukiishilia ndani ya bomba.

Kutoka barazani nilisikia kicheko cha agronomu. Kama ningepiga kelele, mgonjwa angetolewa mara moja, na kazi yangu ingekwisha palepale. Basi nikachukua jiwe, nikaziba mdomo wa bomba. Niliogopa nyoka asirudi nje wageni wakamwona, na kwa hofu hiyo nikamwachia njia moja tu, ya kwenda kitandani kwa mama mkwe. Nimekuwa mzee na bado sijapata la kujitetea.

Kwetu mwanaume haingii chumba cha mama mkwe wala hamtazami usoni. Akiwa na neno, humpitishia mkewe. Nikasimama chini ya dirisha, mgongo ukutani.

"Mama watoto," nikaita kwa sauti ya chini, "mutoe mama inje."

"Mama iko na homa. Nimutoe namna gani?"

"Wageni wanataka kuona chumba."

"Wageni wako waone pombe kwanza. Chumba kina mutu."

"Nakuomba. Mupeleke hata jikoni."

"Juzi ulisema baridi hii ni dawa. Leo unatufukuza?"

Kisha nikasikia sauti ya mgonjwa, nyembamba: "Mwanangu, umwambie mukwe wangu baridi yake iko muzuri. Aniache nilale."

Karibu na miguu yangu, pale bomba linapopanda kuingia ndani, kitu kilikuwa kinakwaruza udongo. Kilikwaruza, kikatulia, kikakwaruza tena, juu kidogo.

Nikapaza sauti. "Nyoka! Iko ndani ya bomba."

Nikakimbia mpaka mlangoni. Mke wangu alikuwa anamvuta mama yake kwa mkeka. Nikaingia, nikamshika mama mkwe miguu, uso nimeugeuzia ukutani. Hapo ukutani ndipo nilipokiona kichwa kikichungulia kwenye tundu.

Tulimtoa mzima. Makapita waliingia na fimbo, wakamuua yule nyoka, wakamlaza uani mbele ya agronomu.

"Bwana baridi," kapita mmoja aliniambia, "hewa yako iko na meno."

Wenzake wakacheka, na hakuna hata mmoja aliyetaka bomba.

Jioni mama mkwe alikaa jikoni, amenipa mgongo. Alimwambia binti yake: "Umuulize, alimuona nyoka wakati gani?"

Mke wangu akaja mpaka katikati ya ua. Alikuwa ameshaliona jiwe. "Ulimuona kabla ya kuja dirishani?" akaninong'oneza.

Nikaitikia kwa kichwa. Alinitazama mpaka nikainamisha macho, kisha akageuka.

"Mama, anasema alipomuona tu ndipo alipotuita."

"Basi Mungu amubariki," mama mkwe akasema.

Agronomu hakunifukuza, aliniamuru tu nisiondoe wavu tena. Tuliporudi kwetu Kasongo, mke wangu hakuligusia jambo lile. Alikoroga simiti, akaliziba kwa mikono yake tundu la bomba katika chumba chetu. Nilimwona, nikapita. Kesho yake nilichukua termometa nikaenda kijiji kingine, nikawaambia wanawake wa watu kwamba walale karibu na bomba bila wasiwasi, kwa maana nyumbani kwangu ndivyo tunavyolala.