Pikipiki Isiyopiga Hodi

Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua kwa mpima ardhi mmoja Mwingereza aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, uhuru ukiwa bado mbichi. Ilikuwa ya safari ndefu, nzito kama ng'ombe aliyeshiba, ina tangi kubwa na mabegi mawili ya ngozi ubavuni. Kelele zake usiseme. Nikiiwasha pale Igalula, nilikokuwa bwana nyuki, mkuu wa stesheni alitoka nje kuangalia kama garimoshi limewahi. Niliipenda mno. Nilizunguka nayo misituni nikikagua mizinga, mbung'o wakinifuata, na sikumwonea wivu mtu yeyote mwenye gari.

Miaka ikapita, vijiji vya ujamaa vikaanza, na wakubwa wangu wakaona bwana nyuki anayekwenda kuhubiri maendeleo hafai kufika akiwa amelowa oili mpaka magotini. Nikaletewa mpya, ya Kijapani, kwenye behewa la mizigo. Ilikuwa nyekundu, ina taa za kuonyesha unakata kona upande gani, na iliwaka kwa kiki moja tu, wakati ile ya zamani niliibembeleza asubuhi nzima. Kubwa zaidi, haikuwa na kelele. Ukienda nayo unasikia ndege, unasikia hata mchanga unavyosagika chini ya tairi.

"Ndugu, umeizima au inakwenda?" mkuu wa stesheni aliniuliza.

Nikacheka, kichwa kimevimba. Ile ya zamani nilimwachia fundi mmoja wa mjini Tabora, naye akaifunga injini yake kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nasikia ilikoboa vizuri.

Wakati huo mke wangu alikuwa kwao Kwihara, amekwenda kujifungua mimba ya kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Binti yetu alikuwa ameshaanza kucheka na watu. Baba mkwe akanitumia salamu kwamba Jumamosi nikawachukue. Nilikuwa nimewakumbuka mpaka naumwa. Nyumba ilikuwa kimya, nilikuwa nakula viazi vya kuchemsha nimesimama jikoni. Nikaisugua pikipiki mpya, nikafunga mto mdogo kwenye siti ya nyuma, nikaondoka alfajiri.

Hapa lazima niseme habari ya wakwe. Kwetu Wanyamwezi, mwanaume na mama wa mkewe hawatazamani. Si ugomvi, ni heshima. Akijua unakuja, anaingia ndani. Mkikutana njiani, mmoja anapotelea porini. Mjini watu walikuwa wameanza kulegeza, lakini Kwihara walishikilia. Tangu nioe sikuwa nimeuona uso wa mama mkwe, wala yeye hakuwa ameuona wangu. Alinipikia, alinifungia karanga na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, tulijuliana hali kupitia ukutani, na mambo yalikwenda vizuri kabisa. Sikuwahi kujiuliza yanakwendaje vizuri namna hiyo.

Nilipita mjini, nikashika njia ya zamani ya misafara, ile waliyoikanyaga wapagazi mpaka ikawa mfereji. Nikafika Kwihara, nikazunguka kona ya tembe lao, nikaingia uani moja kwa moja, nimejaa tabasamu.

Mama mkwe alikuwa katikati ya ua, ameketi kwenye kigoda, kichwa wazi, miguu ameinyoosha, mjukuu yuko mapajani anaogeshwa kwa maji ya karai. Alikuwa anamwimbia. Akainua uso, tukatazamana.

Wala haikuwa kutazamana kidogo. Mshtuko ulitugandisha sote wawili, kila mmoja kamkodolea mwenzake macho. Kisha akapiga yowe, akamkumbatia mtoto na povu lake, akatimkia ndani, karai likabingirika mpaka kwenye tairi langu. Mimi nikaruka, nikageukia ukuta kama mtoto wa shule aliyeadhibiwa. Pikipiki ikaanguka.

Baba mkwe akatoka mbio, kanzu ameivaa nusu. "Umetokea wapi wewe?"

"Shikamoo, baba. Nimetoka Igalula."

"Marahaba. Nauliza umetokea wapi hata hatukukusikia! Siku zote tunakusikia ungali ng'ambo ya bonde. Mama anabandika ugali, anafagia ua, anaingia ndani. Leo unatunyemelea kama mwizi wa kuku!"

Ndipo nikaelewa. Ile pikipiki ya zamani ndiyo iliyokuwa inanipigia hodi. Adabu yangu yote iliyosifiwa Kwihara nzima ilikuwa inatoka kwenye bomba la moshi.

Baba mkwe hakucheka. Alisema aibu imeingia uani, na mpaka mama mwenyewe atamke kwamba ameridhika, mke na mtoto hawatoki. Nikakaa nimeukodolea ukuta, nimejaa hofu. Mke wangu akapita nyuma yangu, akanong'ona, "Pole, baba mtoto," na nikamsikia anavyojizuia kucheka.

Nilikaa pale mpaka jua likanifuata. Hatimaye sauti ikatoka ndani. Mama mkwe alizungumza nami kwa kupitia mjukuu, kama heshima inavyotaka.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako amenitia aibu."

"Mwambie bibi yako nimekosa," nikauambia ukuta.

"Mwambie ataleta mbuzi."

"Nitaleta."

"Na akifika kisimani apige honi, tena aipige hasa."

"Nitaipiga."

"Halafu mwambie nimeshukuru pia. Kila nikikuogesha najiuliza masikio haya makubwa yametoka ukoo gani. Leo nimejua."

Baba mkwe alishika nguzo asianguke kwa kicheko. Mke wangu alikaa chini kabisa. Aibu ikaishia hapo.

Baada ya chakula nikafunga mizigo. Mke wangu akapanda nyuma, mtoto amemfunga kifuani kwa khanga. Nikapiga kiki moja, tukaanza kuondoka taratibu. Tulikuwa hatujaupita ukuta wa nyuma niliposikia. Mama mkwe alikuwa ndani, anauimba ule wimbo wa kuogeshea mtoto, na wimbo ulikuwa unakatika kwa kilio.

Kwa ile ya zamani nisingesikia chochote. Ningekwenda zangu na vumbi langu, nimefurahi. Mke wangu naye alisikia. Aliniegemeza paji la uso mgongoni. Niliwataka nyumbani, niliwataka sana, tayari nilikuwa nimeshaona mahali pa kumlaza mtoto. Nikazima injini.

"Baba!" nikaita kwa sauti ya kufika ndani. "Pikipiki hii imekataa kubeba watu watatu. Haina nguvu za ile ya zamani."

Baba mkwe akaitazama pikipiki, akautazama ukuta, akanitazama mimi.

"Ndiyo shida ya vitu vipya," akasema. "Basi waache wakae mpaka tuvune."

Ndani wimbo ulikuwa umekoma.

"Mwambieni baba mtoto," ikasema sauti ya nyuma ya ukuta, "pikipiki hiyo nimeipenda."