Wa Kwanza Kuona Hununua Chai

Kikundi chetu cha kutazama ndege hapa Lodwar kina sheria moja tu ya maana: atakayemwona bata wa kwanza kurudi kutoka Ulaya huwanunulia wenzake chai na mandazi. Ilitungwa kwa nia njema, kumpa heshima mwenye macho makali. Matokeo yake, kila Jumamosi ya Novemba watu wazima watano husimama kando ya mabwawa ya maji taka, bata wanaogelea mbele yetu, na kila mmoja anaapa haoni kitu.

Bingwa wa kutoona alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kaikor. Ndiye aliyenivuta kikundini, mimi karani wa idara ya maji niliyehamishiwa huku kutoka Bungoma nikiwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa uji. Alinifundisha kwamba wageni hawa wanapofika, dume na jike ni kahawia tupu, na kwamba baada ya Krismasi dume huota mstari mweupe juu ya jicho. Bata huyo sisi tulimwita Nyusi. Nilipolalamika kwamba sioni nyusi zozote, alinicheka.

"Ngoja, mama. Huyu bado hajavaa nguo ya kanisa."

Nyusi akitua karibu kabisa, mwalimu alikuwa akielekeza darubini kwa mbuzi wa ng'ambo na kutangaza, "Mimi sioni kitu. Maji tu." Tulikuwa tukicheka mpaka bata wanaruka.

Mwaka juzi alianza kusema hivyo hata baada ya chai ya kwanza kununuliwa na kunywewa. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Hatukushtuka. Tulimwonyesha kundi zima upande wake wa kushoto, akasema maji tu, nasi tukashikana mabega kwa kicheko.

Kisha tukaenda Kakuma. Mvua ilikuwa imejaza bwawa la mifugo nje ya mji, na mwenzetu wa huko, fundi cherehani Mkongomani anayeishi katika kambi ya wakimbizi, alitupigia simu kwamba ndege wamefurika. Tulimkuta ukingoni akitupungia mikono.

"Mukuye mbio! Iko mingi!"

Maji yalikuwa meusi kwa bata. Mwalimu aliinua darubini, akaisogeza huku na huku. "Maji tu," akasema. Tukacheka. Akapiga hatua mbele, ya pili, ya tatu, akaingia bwawani na viatu vyake vya kazini mpaka magotini. Bata wote wakaruka kwa kishindo. Fundi alicheka hadi akakaa chini.

Mwalimu hakugeuka. "Jamani," alisema, "mimi sichezi. Nilifikiri hapa bado ni mchanga."

Kicheko chetu kilichukua muda kukoma.

Daktari alisema ni presha ya macho. Ilikuwa imemla kidogo kidogo kutoka pembeni, na kilichokwenda hakirudi. Matone yangelinda kilichobaki, nacho kilikuwa kidogo sana. Angeletwa mapema, alisema, halafu akaanza kuandika dawa. Nilimchukia daktari yule, nikaichukia sheria yetu na chai yenyewe. Sisi wenye darubini shingoni, tunaobishana juu ya rangi ya bawa la jike, tulishindwa kumwona mtu aliyesimama kando yetu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nami siku zote nilidhani methali hiyo ni ya watoto.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakutuambia.

"Niliambia nyinyi," akasema. "Kila Jumamosi."

Novemba hii hatukumwalika, kwa aibu. Alijileta mwenyewe, kwa bodaboda, akashika kiwiko changu tukaenda wote hadi ukingoni mwa mabwawa. Hatukukaa sana kabla Nyusi mmoja hajatoka kwenye majani, kahawia tupu, bado hajavaa. Nilimwona. Niliwatazama wenzangu, nao walikuwa wamemwona. Hakuna aliyefungua mdomo. Tungesemaje mbele yake?

Mwalimu alisubiri, akageuza uso kwa huyu, kisha kwa yule.

"Mmenyamaza wote," alisema taratibu. "Basi amefika."

Alitabasamu, akageukia majini kwenye sauti ya mbu na vyura, akasalimu kwa Kiturkana, "Ejok." Kisha akaanza kupapasa mfuko wa shati.

"Leo mimi ndio nimeona kwanza. Twende, nanunua chai."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuinunua. Tulimfuata hadi kibandani, akaagiza, akauliza kama kila mtu amepata mandazi, akaanza kututania kwa uchoyo wetu. Wenzangu walimjibu kwa sauti za uchangamfu. Mimi nilikaa mkabala naye nikalia, machozi yakidondokea kikombeni, wala sikuyafuta, kwa kuwa hakuwa akiniona.