Mduara wa Nane

Wako watu ambao kiti huwachoma, na Mahfudha binti Fumo alikuwa mmoja wao. Mkaribishe mkekani, ataketi. Geuka ummiminie kahawa, ukirudi yuko dirishani. Mumewe, Mahdi, alizoea kumwambia, "Tulia, bibi wee, nyumba haina miguu," naye hutulia kiasi cha kufuma vitanzi viwili, kisha akainuka kwenda kufunua chungu ambacho bado hakijawekwa motoni. Majirani zake wa Shela, huko Malindi mjini, walisema ni damu ya visiwani, watu waliozoea kuhama. Majirani hawakosi la kusema. Mahangaiko yenyewe hasa yalianza mwaka wa themanini na tatu, na yaliletwa na kitambaa cha meza.

Kila Jumatano baada ya adhuhuri wanawake kama kumi walikusanyika ukumbini mwa Bi Hindu, mjane wa mzee Mahadhi, wakafuma kwa sindano za kulabu. Walifuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio. Nyuzi walibadilishana tu, mwenye nyeupe nyingi akampa mwenye waridi, bila maneno. Lakini mitindo ilikuwa na sheria, na sheria ilikuwa ya Bi Hindu, mtu aliyekuwa na sheria hata ya kugawa kashata. Ukichukua mtindo, ulete mtindo. Na mtindo uitwe kwa jina la aliyekufunza, ili akiwa marehemu kila anayekisifu kitambaa amwombee rehema. "Mkono mtupu haulambwi," alisema Bi Hindu, na hakuwa akitania.

Mahfudha alichukua mitindo mitatu, miwili kutoka kwa Bi Hindu mwenyewe, na mmoja wa mananasi kutoka kwa Mwikali, mke wa mwalimu, mwanamke wa kutoka Machakos. Akaahidi kulipa kwa mtindo wa mamake. Aliahidi kwa mbwembwe, kama wafanyavyo watu wenye hofu.

Maana tatizo lilikuwa hili. Mahfudha alikuja Malindi angali kigori, miaka ya vita vya shifta, watu wa visiwani walipotawanyika. Aliletwa na shangazi yake. Mamake, Jaha, alibaki Faza, kule visiwani, na akafia huko kabla hawajaonana tena. Alimwachia binti yake ujuzi wa kazi moja ya mikono, si kazi yenyewe: kitambaa cha duara, chenye nyota katikati na mishale inayokimbilia ukingoni. Jaha alikuwa na desturi ya kumwacha mwanawe afume miduara saba, halafu kumpokonya kazi na kuimaliza mwenyewe, kwa kuwa ukingo ndio unaotazamwa na wageni, nao hautaki mkono wa kitoto. Miduara saba Mahfudha angeifuma hata akifungwa macho. Wa nane, ule wa ukingo, hakuujua, na wa kumwuliza alikwisha kwenda.

Hilo hakumwambia mtu, hata Mahdi. Aliona kama kwamba akilisema, atakuwa amekiri kuwa mama hakumwachia kitu kizima.

Kwa wiki saba aliwafundisha mduara mmoja mmoja, wanawake wakimtazama vidole. Nyumbani akiujaribu wa nane, kitambaa kikajikunja na kusimama kama kawa ya kufunikia chakula. Akafumua, akafuma, akafumua tena, mpaka uzi ukaota manyoya. Jumatano ya nane alikwenda na kidole kimefungwa kitambaa, akadai amejikata kwenye mbuzi akikuna nazi. Kidole kilikuwa kizima kama chako.

"Wa nane hauna mambo," akawaambia amesimama mlangoni, lafudhi ya Faza akiizidisha ili maneno yapate uzito. "Shika tatu, ata mbili. Shika tatu, ata mbili, hivyo hivyo hadi mwisho. Nendeni mkajaribu."

"Ata ni nini?" akauliza Mwikali.

"Ni acha," akasema Bi Hindu. "Ndiyo lugha yao hao. Ruka mbili."

Bi Hindu alipokuwa akieleza hayo, Kadii alikuwa keshatoka kwenda uani kuchukua kikapu chake, maana gari la Kakuyuni lilikuwa halimngoji mtu. Kadii alikuwa Mgiriama, mke wa Kenga. Alianza kwa kumletea Bi Hindu mchicha na mihogo, siku moja akaketi kupumzika, akatazama, na Jumatano iliyofuata akaja na sindano yake. Kwao hapakuwa na wa kumfunza kufuma. Mtindo wake wa kubadilishana ulikuwa wa kusuka ukili, na Bi Hindu aliukubali baada ya kunung'unika siku mbili tatu.

Wiki iliyofuata kila mtu alikuja na kawa. Cha Mwikali kawa, cha Bi Hindu kawa, naye Bi Hindu akakivaa kichwani, watu wakacheka hadi wakalia. Mahfudha alikuwa dirishani, akipanga uongo mwingine. Ndipo Kadii akatoa chake kikapuni na kukitandaza juu ya meza. Kilikaa. Kililala bapa, ukingo umetulia, mishale imefika pale ilipokuwa inakwenda.

"Umefanyaje wewe?" akauliza Bi Hindu.

"Vile alivyosema Bi Mahfudha," Kadii akajibu. "Shika tatu, hata mbili. Nikashika tatu, na pale palipobana nikashika hata mbili. Sikuruka kitu."

Kofia ile ya uzi ikamvuka Bi Hindu kichwani. Akamgeukia Mahfudha, na wote wakamgeukia. "Mamako alifanya vipi? Ulisema ata, au ulisema hata?"

Herufi moja tu. Mahfudha aliiona njia imefunguliwa, naye alikuwa amechoka.

"Hata," akasema. "Nilisema hata. Nyinyi ndio mliosikia vibaya."

Kadii alimtazama kidogo, akainama kukunja kitambaa chake.

Mtindo ukaitwa Jaha, na ukaenda mbio kuliko mingine yote. Ulifika Maweni, ukafika Magarini, mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya manjano, ukafika Kilifi. Mtu angedhani Mahfudha angefurahi. Kumbe ndipo alipokosa pa kukaa kabisa. Akiingia nyumba ya watu, macho yake huenda kwanza mezani, na akikiona kitambaa anakumbuka shughuli nyumbani. Siku moja alikwenda kwenye hitima Kilifi, akakikuta kitambaa juu ya meza ya misahafu. Mwenye nyumba, asiyemjua, akamwambia kwa upole, "Huyu Jaha alikuwa fundi wa Faza, Mungu amrehemu. Sema amina, dada." Mahfudha akasema amina. Mamake alikuwa akiombewa rehema kwa kazi ya mtu mwingine, na yule mtu mwingine alikuwa hai, anauza mchicha.

Kadii naye alikuja kila Jumatano kama kawaida. Akaamkia, "Shikamoo, Bi Hindu," akaketi mahali pake, akafuma. Mahfudha akawa anampa nyuzi bila sababu: leo buluu, kesho zile nyekundu zisizochuja. Kadii alipokea na kushukuru, na hakuuliza. Shukrani hizo zilimuuma Mahfudha kuliko matusi. Angetukanwa angejua pa kuanzia.

Mwaka wa themanini na sita, wanawake wa Tezo, wakiongozwa na mmoja aitwaye Nyevu, walileta salamu kwamba wanakuja kujifunza Jaha kwa binti wa Jaha mwenyewe. Bi Hindu akapika vitumbua. Wageni walipokuwa wakitandikiwa mikeka, Mahfudha aliingia jikoni, akamkuta Kadii anapanga vikombe.

"Kadii, wa nane si wa mama yangu."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Wiki ile ile. Nilimwuliza Mwikali, akaniambia ata ni kuacha." Kadii alikisugua kikombe kilichokuwa safi tayari. "Nikasema, atasema Jumatano ijayo. Halafu nikasema, labda mfungo ukiisha. Sasa nimengoja Ramadhani tatu, Bi Mahfudha, na mimi si Mwislamu."

Mahfudha alitaka kucheka, akajikuta analia. "Mbona wewe hukusema?"

"Niseme nini? Jina ni la mamako. Nimtoe mimi mama wa mtu ukumbini, watu wanatazama?" Akaiinua trei. "Hiyo si kazi yangu."

Ukumbini Mahfudha aliketi katikati ya wageni wa Tezo na akawafundisha miduara saba, saa mbili nzima, bila kuinuka. Bi Hindu alilitambua hilo akadhani mwenzake ana homa. Walipoufikia mwisho wa mduara wa saba, Nyevu akasogea karibu, sindano tayari.

"Na wa nane, Bi Mahfudha?"

Mahfudha aliiweka kazi mapajani. Miguu ilitaka dirisha, akaikunja chini yake.

"Mama yangu alinifunza mpaka hapa," akasema. "Wa nane sikuupata kwake. Niliubuni nikakosea, kisha nikasema uongo mbele ya hawa, katika nyumba hii. Ukingo wote mnaoupenda ni wa Kadii, yule pale mwenye trei. Mwulizeni yeye."

Mwikali alitazama chini. Uso wa Bi Hindu ulibadilika mara mbili, kwanza kwa hasira, kwa kuwa sheria yake ilikuwa imechezewa miaka mitatu chini ya paa lake, halafu kwa kitu kingine ambacho hakukitolea jina. Aliuchukua mkufu wake akauzungusha kidoleni.

"Basi huu mtindo uitwe nani?" akauliza mwishowe.

"Uitwe Kadii."

"Na Jaha? Watu wamekwisha kuzoea kumwombea."

"Mama yangu," akasema Mahfudha, "nitamwombea mwenyewe."