Dakika Kumi Kabla ya Alasiri

Kwa miaka mingi nilikuwa Mwislamu wa Ijumaa na Idi. Sikuwa na ugomvi na dini. Nilikuwa mvivu tu, na baridi ya Malindi, hii yetu ya milimani si ile ya pwani, ilinipa kisingizio. Asiyewahi kutawadha kwa maji ya huku juu alfajiri ya mwezi wa saba asinihukumu. Nilishajaribu mengi. Niliweka kengele tano kwenye simu, nikawa nazizima zote tano. Nilinunua mswala mpya, mnene, mke wangu akauchukua kumlazia mtoto.

Kilichonibadilisha ni kabichi.

Shamba langu liko bondeni, mwisho wa mfereji. Kiangazi maji hayatoshi, kwa hiyo tunagawana kwa zamu, na zamu zetu hazifuati saa bali adhana. Ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Anayemwagilia kuanzia adhuhuri anaacha akisikia adhana ya alasiri, na wa chini yake anachukua mpaka magharibi. Wa alasiri nilikuwa mimi. Wa adhuhuri alikuwa bibi mmoja mjane, jirani yangu wa shamba la juu, mkulima wa maharage, asiye na simu wala saa. Adhana ikilia, anaziba njia ya maji yake kwa kipande cha mgomba na udongo, anatawadha, anatandika kanga kwenye nyasi za ukingoni, anasali. Mimi adhana hiyohiyo ilikuwa inanikimbiza kwenye jembe.

Mwaka juzi mjomba wangu, muadhini wa msikiti wetu, aliugua koo. Hospitali walimwambia apumzishe sauti mwezi mzima. Alinichagua mimi niadhini badala yake kwa sababu nina sauti, na nyumba yangu iko ubavuni mwa msikiti. Nilimkumbusha kwamba mimi si mtu wa swala tano. Akaniandikia kwenye karatasi, maana hakutakiwa kuongea: "Kwanza waite wenzako. Mengine yatafuata." Kwa sisi Wasambaa mjomba hakataliwi ovyo. Nikakubali.

Nikawa naadhini. Alasiri nilikuwa nikizima kipaza sauti tu, napita mlango wa nyuma na kushuka bondeni kabla watu hawajafika kwa swala ya jamaa.

Kisha jua likazidi. Kabichi zangu ndiyo kwanza zilikuwa zinafunga vichwa, na majani yakaanza kulegea. Siku moja nikaadhini alasiri dakika kumi kabla ya wakati. Kesho yake tena, na keshokutwa. Mzee mmoja aliniuliza, nikaisingizia saa ya ukutani. Nilijipa moyo kwamba hakuna aliyeumia, kwa kuwa jamaa husimama robo saa baada ya adhana, hivyo wa msikitini walikuwa ndani ya wakati. Yale maji ya dakika kumi niliyaona wizi mdogo, wa kuombana radhi siku moja huko mbele.

Siku ya tatu nilimkuta bibi anakunja kanga yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishukuru. Alisema mjomba alipougua aliogopa atakuwa anabahatisha kwa kivuli, lakini sauti yangu inafika vizuri hadi kwenye maharage yake. Siku hizi hapotezi hata dakika, adhana ikiisha tu yeye yuko kwenye swala.

Nilifungulia maji, lakini sikuona yanakwenda wapi. Bibi yule alikuwa amesali alasiri tatu kabla ya wakati, na swala ya kabla ya wakati si swala. Hilo hata mimi wa Ijumaa na Idi nililijua tangu madrasa. Niliona haya mpaka chakula cha jioni kikanishinda.

Kesho yake nilishuka mapema, zamu ikiwa bado yake, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka jembe chini.

"Maji nimekusamehe," alisema. "Kabichi nazo zina kiu. Lakini swala zangu utanirudishia na nini?"

Alitawadha kwa maji ya mfereji, akatandika kanga, akalipa alasiri tatu mfululizo, rakaa kumi na mbili. Maji yake yalikuwa yanavuka tuta na kumwagika njiani, nikachukua jembe lake nikayaelekeza. Sikuwa na kingine cha kumfanyia.

Alipotoa salamu ya mwisho aliniuliza kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani.

"Na wewe, mjukuu wangu, hizo tatu ulizisalia wapi?"

Nikamwambia sikusali. Akakunja kanga yake. Ningefurahi kama angenitukana.

Nilipanda msikitini nikaadhini kwa wakati, kisha nikakaa. Nilisali alasiri na jamaa, safu ya mbele, nikiujua vizuri ule mlango wa nyuma ulipo. Baada ya swala niliwasha tena kipaza sauti, nikatangaza kwamba wote waliosali majumbani na mashambani kwa adhana yangu ya siku tatu zile warudie, na nikataja sababu. Kijiji kizima kikapata habari za kabichi zangu. Mpaka leo nikichelewa msikitini kuna watakaoniuliza zinaendeleaje.

Mjomba alipona, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nimebaki na swala tano. Sitadanganya kwamba kila siku nina hamu, na maji ya alfajiri hayajapata moto. Lakini mkono ukisita juu ya ndoo, naiona ile kanga kwenye nyasi, na bibi anainukia rakaa ya kumi kwa kushika goti, akirudia swala nilizomharibia mimi.

Natawadha.